Kutoa gari la michezo na kuchukua la kifahari hapa Mombasa bila kupunjwa

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nina Subaru STI, nataka Mercedes, yadi ya magari wanasema niongeze milioni moja na nusu, ni sawa?" "Nissan Fairlady yangu ina viti viwili na mtoto wa pili yuko njiani, niipeleke wapi?" "Rimu na ekzosti watanihesabia?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo yote nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kufuata. Kama una haraka, soma hatua ya 5 na ya 9, maana huko ndiko watu wengi huumia.

Kabla hatujaanza, shika hili. Ukibadilisha gari na yadi unafanya biashara mbili siku moja: unauza na unanunua. Mwenye yadi angependa uzione kama biashara moja yenye nambari moja, nayo ni "unaongeza ngapi juu". Karibu kila hatua hapa chini kazi yake ni kuzitenga biashara hizo mbili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Logbuku (hati ya umiliki wa gari) yenye jina lako. Ikiwa gari bado liko kwa jina la aliyekuuzia, maliza hilo kwanza.
- Kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), na akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) inayofunguka. Jaribu kuingia leo, usingoje siku ya mkataba ndipo ugundue nambari ya simu uliyoiandikisha ulishaitupa.
- Barua ya benki au sako kwamba deni limekwisha, kama gari lilinunuliwa kwa mkopo.
- Risiti za sevisi, hata zile za karatasi za fundi wa mtaani. Kwa gari lenye tabo (turbo), risiti za kubadilisha oili zina thamani kuliko rangi mpya.
- Karatasi za gari lilipoingia nchini, kama unazo.
- Fundi wako mwenyewe, anayelipwa na wewe.
- Akiba ya matengenezo ya gari jipya, kando kabisa na pesa ya kuongeza. Huna? Hujawa tayari, subiri.

Hatua ya 1: Jua bei ya gari lako, na ni bei ya nani

Gari la michezo lina bei tatu hapa mjini. Kuna bei ya dalali anayetaka kulipa leo, ambayo ni ya kutupa. Kuna bei ya yadi. Halafu kuna bei ya mtu anayelipenda gari lenyewe, anayejua tofauti ya STI na WRX ya kawaida bila kuangalia nembo. Yadi hufanya kama sonara: dhahabu yako huipima kwa uzani tu, yake hukuuzia pamoja na ufundi.

Utaambiwa, "Gari kali bwana, lakini halina soko." Kuna ukweli ndani yake, wanunuzi ni wachache. Lakini magari yenyewe ni machache zaidi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mazda iliacha kutengeneza RX-8 mwaka 2012. STI za umbo la GRB na GVB zilikoma 2014, na ile ya VAB iliyofuata ikaishia 2019. Hakuna meli itakayotia nanga Kilindini na GRB nyingine ya kukushindania bei. Iliyo safi, isiyogongwa, yenye injini yake ya kiwandani, haina sababu ya kuuzwa kwa bei ya Subaru Impreza ya kawaida.

Gari la kifahari huenda kinyume chake. E-Class ya umbo la W213 ilitoka 2016 hadi 2023, na zile za miaka ya karibuni bado zinaruhusiwa kuingia. Kila mpya zaidi inapoteremka bandarini, ya zamani iliyoko yadi hushuka. Kwa hiyo wewe ndiye unayeweza kungoja, mwenye yadi hawezi. Wengi hawalijui hilo na hujadiliana kana kwamba ni wao wanaoomba.

Fanyiwa tathmini na wathamini wanaokubaliwa na kampuni za bima, kisha ulizia bei kwa watu wawili watatu wenye gari kama lako. Andika chini bei ambayo hutashuka. Iandike kweli, kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Lirudishe kama lilivyotoka kiwandani

Hapa ndipo roho huuma. Rimu za bei, ekzosti ya kishindo, shokabu za kushusha gari, stelingi ya ngozi: yadi haitakulipa hata moja, na mara nyingi itakukata bei kwa sababu yake, maana kila kilichobadilishwa humwambia mnunuzi kwamba gari limekimbizwa. Rudisha vifaa vya asili, kisha vile vya kuongeza uviuze kimoja kimoja. Wenye magari kama lako watavigombania.

Onyo: kama uliwahi kubadilisha injini au rangi, hakikisha NTSA (mamlaka ya usafiri inayosajili magari) wana taarifa hiyo. Nambari ya injini isiyolingana na logbuku itakwamisha mauzo, na rangi ya buluu kwenye gari lililoandikwa jeupe ni maswali kwa kila askari. Ukiwa umelifunika kwa karatasi ya plastiki, ibandue, uangalie na rangi ya chini imebaki vipi.

Usipake rangi nzima upya ili lipendeze. Mnunuzi makini akiona rangi mpya juu ya gari la michezo hujiuliza lilibingiria wapi. Osha chini ya gari vizuri, chumvi ya bahari itoke. Piga polishi mikwaruzo midogo. Inatosha.

Hatua ya 3: Jaribu kuliuza mwenyewe kwanza

Jipe muda maalumu, tuseme mwezi mmoja. Ukipata mnunuzi wa pesa mkononi, utaingia yadi bila gari na utajadiliana vizuri zaidi. Muda ukiisha bila mnunuzi, endelea na mpango wa kubadilisha. Usimpe mtu funguo akalijaribu peke yake. Keti naye, na ushike kitambulisho chake.

Hatua ya 4: Chagua gari la kifahari kwa gharama ya kulitunza

Bei ya kununua ndiyo ndogo. Kabla ya kupenda, piga simu dukani uulize bei ya vitu vinne vya gari hilo hilo: seti ya breki za mbele, shokabu moja, tairi moja, na rediata. Kisha mwulize wakala wako kama kampuni itakubali bima kamili, maana nyingi zina kikomo cha umri wa gari. Usishangae ukikuta shokabu moja ya hewa ya Mercedes inagharimu kuliko shokabu zote nne ulizozoea.

Mtazamo wangu kwa mji huu: kama unataka starehe bila presha, Toyota Crown ya umbo la S210, iliyotoka mwisho wa 2012 hadi 2018, inatosha kabisa. Mafundi wengi wanaielewa na spea si za kuagiza kila mara. Ile ya haibridi hunywa mafuta kidogo tu, lakini betri yake ipimwe kwa mashine kabla hujalipa. Kama ni lazima nyota ya Mercedes iwe mbele ya macho yako, sawa, sikulaumu, ila chukua yenye springi za kawaida. Shokabu za hewa na matuta ya Bombolulu hazipatani. BMW nyingi nazo huja na matairi yanayoweza kwenda bila upepo. Ni magumu, ni ghali, na kwa fundi wa pancha wa kawaida ni mtihani.

Ukifikiria kuagiza kutoka Japani badala ya yadi, kumbuka ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwezi Julai 2023, na injini ya petroli inayozidi cc 3000 hutozwa ekisaizi (ushuru wa bidhaa) ya asilimia 35. Kwa hiyo Mercedes ya lita mbili na ile ya lita tatu na nusu zinaweza kufanana sura kabisa zikatofautiana sana kwenye ushuru.

Hatua ya 5: Uliza bei ya pesa taslimu kabla ya kutaja gari lako

Nenda na gari la kuazima au tuktuk. Usiingie yadi na STI ikinguruma halafu useme unataka "kuuliza tu".

"Karibu mzee, hili ndilo lako. Una gari la kutoa?"
"Hayo tutayaongea. Nipe kwanza bei ya mwisho, pesa mkononi."

Shikilia hapo hapo. Jadiliana mpaka bei ikome kushuka, uombe iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri. Ukishaipata ndipo useme, "Sasa nina gari, njoo uliangalie."

Kwa nini nasisitiza? Tuseme yadi ya kwanza inakuambia Mercedes ni 3,200,000 na gari lako wanalichukua kwa 1,700,000. Unaongeza 1,500,000. Yadi ya pili ina Mercedes kama hiyo kwa 2,850,000, na gari lako wanalipa 1,450,000 tu. Unakasirika, "Wananidharau!", unarudi kwa wa kwanza aliyekuheshimu. Piga hesabu: kwa wa pili ungeongeza 1,400,000. Heshima ile umeilipia laki moja. Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na wenye magari wanayoyapenda ndio hupakwa kirahisi, kwa sababu wanataka kusikia gari lao limesifiwa.

Angalia tofauti baina ya bei mbili zilizoandikwa. Sifa wape ahsante.

Hatua ya 6: Kagua gari la kifahari kwa masikio na vidole

Fika asubuhi, na uwaambie mapema wasiliwashe. Gusa boneti. Ikiwa ina joto, wamelipasha ili kitu fulani kisisikike. Mercedes za C200, E200 na E250 zenye injini ya M271 zinajulikana kwa mnyororo wa injini unaolegea, na dalili yake ni mkwaruzo wa chuma kwa sekunde mbili tatu injini baridi inapowaka. Baada ya hapo hunyamaza na utaapa hukusikia kitu.

Wewe uliyezoea gari la michezo una udhaifu wako hapa. Umezoea kusikia kila kitu, sasa umeketi kwenye ukimya na unadhani ukimya ni uzima. Zima redio, zima esi (kiyoyozi), teremsha vioo vyote, pita karibu na ukuta mrefu ili sauti za bushi na beringi zikurudie.

Kisha:

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, uangalie ile sehemu ambayo kwa kawaida haitoki. Mstari wa tope pale maana yake gari lilizama kwenye mafuriko. Inua zulia, tazama bolti za reli za viti na shimo la tairi la akiba. Kutu hapo ndani si ya hewa ya bahari.

Kama lina shokabu za hewa, pima kwa vidole nafasi baina ya tairi na bodi jioni, rudi asubuhi upime tena. Likiwa limelala upande mmoja, hewa inavuja, na kompresa inayolazimika kufanya kazi kupita kiasi nayo iko njiani kufa.

Fundi wako alipime kwa kompyuta sehemu zote, si injini peke yake. Mashine ikionyesha kwamba ukaguzi wa ndani wa gari haujakamilika, yaelekea kuna mtu amefuta makosa juzi au jana.

Liendeshe mara mbili. Mara ya kwanza saa ya foleni ya daraja la Nyali, jua la mchana, esi ikiwa juu kabisa, uone sindano ya joto inafanya nini. Mara ya pili toka Miritini upande mlima hadi Mazeras. Kisiwani ni tambarare, giaboksi mbovu inaweza kujificha mwezi mzima. Mlima wa Mazeras haufichi kitu.

Kuhusu kilomita: omba cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, kina kilomita zilizorekodiwa, na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani huko Japani. Kwenye mchoro wa karatasi hiyo, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni bodi iliyobadilishwa. Daraja la R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Haimaanishi ulikimbie, bali bei ishuke.

Hatua ya 7: Tafuta madeni yaliyojificha

Ingia eCitizen, lipia taarifa za usajili za NTSA, ulinganishe jina, chesisi na injini na kile unachokiona kwa macho. Kisha tafuta kwenye rejista ya dhamana inayosimamiwa na Huduma ya Usajili wa Biashara. Rejista hiyo imetokana na sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, na ndiko wakopeshaji huandika magari wanayoyashikilia. Yadi huuza pia magari ya watu kwa kamisheni, na mwenye gari anaweza kuwa na mkopo ambao hata yadi haiujui.

Hatua ya 8: Mkataba

Andikeni bei mbili: la kwako kiasi kadhaa, la kwao kiasi kadhaa, na tofauti. Usikubali mkataba unaosema tu "kubadilishana kwa nyongeza ya". Ziingie nambari za chesisi na injini za magari yote mawili, nani analipa ada za kuhamisha, na tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu, kwani gari likigonga mtu saa kumi jioni, na wewe ulilitoa saa nane mchana, karatasi itakusemea. Lipa kwa benki. Wakili si gharama kubwa ukilinganisha na gari lenyewe.

Hatua ya 9: Hamisha umiliki siku hiyo hiyo

Yadi nyingi hazitaki gari lako liandikwe kwa jina lao. Watakuomba "uliache wazi": usaini, utoe kopi ya kitambulisho, na uhamishaji ufanywe watakapopata mnunuzi, ili wasilipe ada mara mbili. Kataa.

Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na gari lililobadilisha mwenyewe halifai kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mwenye mpya kusajiliwa. Gari la michezo ndilo hatari kuliko yote katika hali hiyo. Atakayelinunua ni kijana anayetaka kwenda kasi, na akilitia mtaroni Mtwapa usiku, simu ya kwanza ya polisi itakuwa yako.

Wewe unaanzisha uhamishaji kwenye akaunti yako ya NTSA, wao wanathibitisha kwenye yao, ada inalipwa kulingana na ukubwa wa injini. La kwao linahamishwa kuja kwako kwa njia hiyo hiyo, mkiwa mmeketi meza moja. Wakikataa kabisa, mnunuzi wao aje kwanza ndipo utoe gari. Hakuna njia ya tatu.

Hatua ya 10: Siku ya kukabidhi

Toa kadi ya kamera, futa simu yako kwenye redio, ondoa trakka (kifaa cha kufuatilia gari) au funga akaunti yake. Bima haiendi na gari: ifute, na uulize kama unarudishiwa pesa ya muda uliobaki. Gari jipya lisitoke yadi bila bima yake. Ukitaka kulizungusha la zamani mara ya mwisho, lizungushe jana yake. Siku ya kukabidhi kichwa kiwe kwenye karatasi.

Mambo yakikwama

*Yadi wamekata bei ya gari langu siku ya mwisho.* Wataonyesha kasoro waliyoiona tangu siku ya kwanza. Waulize kama bei ya gari lao nayo inashuka. Jibu likiwa hapana, chukua funguo zako uondoke. Wengi hupigiwa simu kabla hawajafika Makupa.

*Uhamishaji umekwama kwenye mfumo.* Mara nyingi upande wa pili hawajathibitisha, au PIN iliyoingizwa si sahihi. Kama ni deni la benki lililoandikwa kwenye gari, benki yenyewe ndiyo inayoliondoa. Barua mkononi mwako haitoshi.

*Taa ya injini imewaka wiki ya kwanza.* Usirudi yadi mikono mitupu. Lipime kwanza kwa fundi wako, uchapishe majibu, ulinganishe na yale ya siku ya ukaguzi. Mkataba wako ukiwa na kipengele cha siku kadhaa za dhamana kwa injini na giaboksi, sasa ndio wakati wake. Huna kipengele hicho? Jadiliana kwa upole kuhusu kugawana gharama.

*Gari linakwaruza tumbo kila mahali.* Magari mengi ya kifahari ni marefu katikati, na hilo linatofautiana na kuwa chini kama ulivyozoea. Vuka matuta kwa mshazari, na pale kwenye ngazi ya feri ya Likoni ingia polepole maji yakiwa yamepwa. Anayekwenda Pwani ya Kusini kila siku apite barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri, bampa lake litadumu.

*Esi inapuliza joto.* Kondensa ya mbele huliwa na hewa ya bahari. Kabla ya kujaza gesi, mwambie fundi aipime kama inavuja. Kujaza bila kupima ni kulipa mara mbili.

*Maji yanadondoka ndani mvua ikinyesha.* Kama gari lina dirisha la juu, kuna mirija midogo kwenye pembe zake inayoziba kwa vumbi na majani. Izibuliwe kwa waya laini au upepo mdogo, kisha zulia likaushwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kompyuta nyingine za Mercedes na BMW hukaa chini ya zulia au ndani ya buti.